Alinitegemea nimwamshe, nikamwacha alale

Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima. Barua hii nimeiandika mara tatu na kuichana mara mbili, kwa sababu kila nikiisoma jambo lenyewe linaonekana dogo. Dada yangu, ambaye ndiye mtu pekee niliyemweleza, aliniambia hivyo hivyo: "Na hilo nalo la kukukosesha raha?" Lakini linanikosesha, tena sana.

Nina miaka 54, nimeolewa mwaka wa 28 huu. Watoto wamekua na kila mmoja yuko kwake. Miaka mitatu iliyopita, mume wangu alipostaafu, tulitoka mjini tukaja kuishi shamba. Jirani wa karibu ni mwendo wa dakika 20 kwa miguu. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Miaka yote ya kazi tulikuwa tukisema ipo siku tutaamka bila kukimbizana na saa, tukae nje pamoja tutazame kunavyokucha.

Tulipofika, kila mmoja akapata kitu chake. Mimi nilipata alfajiri. Saa kumi na kitu niko macho hata nisipotaka. Nakaa kwenye gogo nyuma ya banda la kuku nikisikiliza ndege wakianza mmoja mmoja, kukipambazuka nawafungulia kuku wangu 14, halafu napita kwenye matuta ya mboga kuona wadudu wamekula nini usiku. Sikuwahi kujijua kuwa mtu wa ndege. Sasa nina daftari, naandika nani ameanza kuimba saa ngapi, nani anabeba majani mdomoni na anayapeleka wapi.

Mume wangu alipata usiku. Usiku wa kwanza alitoka nje akasimama kimya muda mrefu hadi nikamfuata nikidhani anaumwa. Alikuwa anatazama juu. Akanunua darubini ndogo, haikumtosheleza, akaunda nyingine kubwa: kioo aliagiza, sanduku la mbao akaligongelea mwenyewe uani. Jioni huitoa nje mapema ili kioo kipoe kilingane na hewa, na tukishakula simwoni tena mpaka saa nane, saa tisa za usiku. Asubuhi analala hadi saa nne. Mimi saa tatu usiku macho yananifumba. Kwa hiyo tunakutana mchana na mezani, na mezani yeye anawaza mawingu.

Tumewahi kuzozana, zaidi kuhusu taa ya nje. Mimi nataka iwake, kwa sababu niliwahi kujikwaa kwenye ngazi nikaumia goti, na kuna mnyama aliwahi kutuibia kuku wawili. Yeye anasema taa ile inamharibia macho kwa nusu saa nzima. Tunaiwasha, tunaizima, hatujaelewana. Lakini si taa iliyonifanya nikuandikie.

Kuna ndege mdogo alijenga kiota kwenye kichaka karibu na dirisha la jikoni. Nilimfuatilia tangu mayai. Asubuhi makinda walipoanza kusimama ukingoni nilikwenda kumwamsha mume wangu aje aone, akasema ataona kesho. Kesho yake kiota kilikuwa kitupu. Basi.

Wiki kadhaa baadaye ikaja nyotamkia. Mume wangu alikuwa akiihesabia siku. Alinieleza kwamba itaonekana kabla ya jua kuchomoza tu, chini upande wa mashariki, kwa asubuhi chache, halafu itazama kwenye mwanga wa jua na haitarudi tukiwa hai, wala watoto wetu, wala wajukuu. Mawingu yakatanda. Alikesha siku tatu mfululizo akingoja yapasuke, hayakupasuka. Siku ya nne alikuwa amechoka hadi mikono inatetemeka. Akaniambia, "Wewe ndiye saa yangu. Ukiamka tazama juu. Kukiwa na mawingu niache nilale. Kukiwa kweupe, niamshe."

Niliamka saa kumi na dakika kumi. Nikatoka. Anga lilikuwa safi, hakuna hata wingu moja. Na nikaiona, Mshauri, bila darubini wala kitu, juu kidogo ya miti: kitu kama ukungu wa pumzi juu ya kioo, mkia wake umeelekea juu. Nilirudi ndani kumwamsha, nikafika mlangoni. Alikuwa amelala kwa ubavu, mkono ameunyoosha upande wangu wa kitanda. Hapo likanijia neno moja: kesho. Sikulitamka. Nilirudisha mlango taratibu, nikaenda kukaa kwenye gogo langu hadi kukapambazuka.

Alipoamka jua lilikuwa limeshapanda. Alitazama dirishani, akanitazama mimi. Nikasema, "Nilipitiwa na usingizi." Akasema, "Si kitu. Ulikuwa umechoka." Jioni ile mawingu yakarudi, yakakaa siku sita, na alipotoka tena kuitafuta haikuwepo.

Leo ni wiki ya tano. Darubini ameifunika shuka. Analala nami saa tatu, anaamka nami alfajiri. Amepalilia matuta, amerekebisha uzio, anakaa nami kwenye gogo na kuniuliza majina ya ndege. Taa ya nje anaiwasha mwenyewe bila kuombwa. Kila nilichokililia miaka mitatu nimepewa, na kila siku natamani kukirudisha. Dada yangu anasema ninyamaze, mume ametulia, nataka nini tena. Mimi nahisi mume wangu alichagua nyota akaniacha, halafu mimi nikamfanyia ukatili, na sasa anaishi kama mgeni anayejitahidi asiudhi mwenyeji.

Nimwambie? Au nitamvunja moyo mara ya pili?

Mwamka mapema

*

Dada yangu,

Asante kwa kutoichana barua ya tatu. Ningesikitika kama nisingeisoma. Na tuliondoe hili mapema: jambo lako si dogo. Mtu akimwambia mwenzake "wewe ndiye saa yangu" amemkabidhi kitu, na wewe unajua ulikabidhiwa nini. Ndiyo maana neno la dada yako halikukutuliza, ingawa naamini alilisema kwa kukupenda.

Acha niliseme kwa maneno yangu, unisahihishe nikikosea. Mlihamia shamba ili muwe pamoja zaidi, mkajikuta mnapishana mlangoni kama walinzi wa zamu. Ulikuwa mpweke wakati mwenzako yuko hatua 30 kutoka kitandani. Siku moja likaangukia mikononi mwako jambo alilolitamani kuliko yote, ukaliachia lipite, ukamficha. Na badala ya kukasirikiwa, ukapewa yote uliyokuwa ukiyaomba. Ungejua la kufanya na ugomvi. Wema huu ndio unaokulemea.

Unaniuliza useme au unyamaze. Nitafika huko. Lakini nimekaa muda mrefu na sehemu moja ya barua yako, ile ya kiota. Ina sentensi chache, na mwisho wake umeandika "Basi", kama mtu anayefunga mlango. Kisha ukaja mlango mwingine, wa chumbani, na neno ulilolisikia pale lilikuwa "kesho", neno lake yeye la asubuhi ya makinda. Unauita ukatili. Sitakuzuia kuuita hivyo, kwa kuwa aliyeumia ana haki ya kuumia. Ila nadhani ulikuwa pia ni usemi, wa mtu ambaye hakuwahi kuambiwa pole. Umewahi kumwambia mumeo siku ile ilikuuma? Hujaandika kwamba ulimwambia. Inawezekana kabisa kwamba mpaka leo hajui kuwa makinda wengi wa ndege wadogo wakishatoka kiotani hawarudi, na kwamba "kesho" yake haikuwepo. Kwake labda ilikuwa asubuhi kama nyingine, kwako ilikuwa wiki nyingi za kungoja. Na wewe ulipokaa kwenye gogo ukamwacha alale, ulikuwa wewe sasa unayejua kwamba hakuna kesho. Nadhani hicho ndicho kinachokuchoma.

Kuna mambo kadhaa umeyaandika kana kwamba yana uhakika. Niruhusu niyaguse kidogo.

La kwanza, kwamba alichagua nyota akakuacha. Ninaelewa linavyoonekana hivyo saa tatu usiku kitanda kikiwa baridi upande mmoja. Lakini miili ya watu haina saa moja. Kuna wanaochangamka alfajiri na kuna ambao akili yao huamka jua likizama, na sehemu ya tofauti hiyo mtu huzaliwa nayo. Mwanga nao huisukuma saa ya mwili: wewe unaupata mapema asubuhi, nao unakuvuta kulala mapema zaidi jioni, yeye hukesha, kisha hulala wakati ambao mwanga wa asubuhi ungeivuta saa yake iwe ya mapema zaidi. Kwa hiyo kila mmoja, kwa kufanya anachokipenda, amekuwa akijisogeza mbali na mwenzake kidogo kidogo bila kukusudia. Mjini kazi iliwaamsha wote saa moja. Shamba iliwaachia huru, na uhuru huo ukaonyesha tofauti ambayo huenda ilikuwepo miaka yote 28. Sisemi kwamba hapo hakuna upweke. Upo. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuwa mbali nawe bila kuwa amekukimbia.

La pili ni gumu zaidi. Unadhani hajui. Dada yangu, umeishi na mtu huyu miaka 28. Kwa miaka mitatu, kwa maelezo yako mwenyewe, uko macho saa kumi na kitu hata usipotaka. Hata yeye alikuita saa. Siku moja tu usingizi ukupitie, na iwe ile? Ulipomwambia, alitazama dirisha kwanza, kisha akakutazama wewe. Sijui aliona nini. Labda aliona ndala zimelowa umande, au birika lililokwisha poa, au uso wako tu. Huenda alikuamini kabisa na ninamsingizia. Lakini huenda anajua, au anashuku, na ndiyo sababu anawasha taa bila kuombwa. Mtu anayehisi mkewe alimwacha alale makusudi anaweza kujiuliza, "Nimemfanyia nini hadi afike hapo?" na akaanza kulipa deni ambalo hajaambiwa kiasi chake. Kupalilia kule, uzio ule, maswali ya majina ya ndege, pengine ndiyo malipo yenyewe. Nakuomba uliwaze hili kabla ya kuamua, kwa sababu likiwa kweli, basi siri unayoilinda si siri tena, ni ukimya wa watu wawili.

La tatu, unadhani ameacha darubini kwa sababu ya asubuhi ile pekee. Inawezekana. Inawezekana pia alichoka. Usiku tatu za kukesha chini ya mawingu si mchezo kwa mwili wa mstaafu. Wapo watazamaji wa nyota ambao wakikosa jambo kubwa huona uvivu kwa muda, kisha hurudi. Hata hivyo wiki tano ni nyingi. Mtu akipoteza hamu ya kitu alichokipenda kwa zaidi ya wiki mbili, na juu yake akawa hali vizuri, halali, au hakuna kinachomfurahisha, hapo tunazungumzia huzuni inayostahili kuonwa na mhudumu wa afya. Kwa unavyoeleza, anatoka, anafanya kazi, anauliza maswali; hiyo inanipa moyo. Endelea kumwangalia kwa jicho hilo pia, siyo kwa jicho la hatia pekee.

Sasa, kusema au kunyamaza.

Ukinyamaza, kuna faida na sitajifanya haipo. Nyumba imetulia. Muda hupunguza makali. Kuna mambo katika ndoa ndefu ambayo watu huyazika na yakaoza yakawa mbolea. Lakini fikiria gharama. Siku ataifunua ile darubini na kukuomba tena umwamshe, utajibu nini ndani yako? Kila nyotamkia ikitajwa utalazimika kutengeneza uso. Na kuna gharama moja ambayo wewe hasa nadhani utaisikia: uliona kitu kizuri kupita kiasi, uliona kabla ya watu wengi, na huna mtu wa kumsimulia. Umenieleza mimi nisiyekujua, "kama ukungu wa pumzi juu ya kioo, mkia umeelekea juu." Mumeo angesoma sentensi hiyo angejua papo hapo kwamba uliiona kweli, kwa sababu mkia wa nyotamkia daima huelekea mbali na jua, na kabla ya mapambazuko jua liko chini ya upeo. Hukuisoma mahali. Uliiona.

Zamani, Uingereza, aliishi mwanamke aliyeitwa Caroline Herschel. Usiku alikaa karibu na dirisha akiwa na taa na saa, akiandika yale ambayo kaka yake William aliyataja akiwa nje kwenye darubini. Mwaka 1786 kaka yake akiwa safarini, Caroline aliona nyotamkia yake ya kwanza, na hakukaa nayo. Aliwaandikia barua mara moja wanaastronomia aliowafahamu. Baadaye aliona nyingine, anahesabiwa nane kwa jumla. Sikupi kisa hiki ili uwe karani wa mumeo, hapana. Nakikumbuka kwa sababu ya zile barua. Kitu kilichoonwa angani humwasha mtu mpaka akiseme, na wewe umekibana kifuani wiki tano.

Ukisema, ujue pia unachohatarisha. Anaweza kuumia vibaya zaidi ya siku ile, kwa kuwa kukosa kwa bahati mbaya na kunyimwa na mtu umpendaye si kitu kimoja. Anaweza kuanza kurudi nyuma na kujiuliza ni lini tena ulimwambia jambo lisilo kweli. Anaweza kunyamaza, na ukimya wake unaujua. Sioni njia ya kusema ambayo haina maumivu, na ukiitafuta hiyo utangoja milele. Zipo njia za kusema ambazo huongeza maumivu bure, hizo ninaweza kukuonyesha. Kusema usiku kabla ya kulala, mtu akabaki gizani na maneno yako. Kusema katikati ya ugomvi wa taa. Kuanza na kiota: "Nilikuacha ulale kwa sababu na wewe ulilala." Hapo utakuwa umemshtaki kabla hujakiri, na atajitetea badala ya kukusikia. Kama utasema, weka tendo mbele, peke yake: nilikuwa macho, nilitoka, kulikuwa kweupe, niliiona, sikukuamsha, nikakudanganya. Kisha mwache. Anaweza kuondoka akatembee. Mwache atembee. Kiota kina siku yake, nacho lazima kisemwe, ila si katika pumzi ile ile. Na kile ulichokiona angani usikitoe kama zawadi ya kumbembeleza. Akiuliza, mweleze kila kitu, saa, urefu juu ya miti, mkia. Asipouliza, ngoja.

Njia ya katikati, ya kusema nusu, yaani "nilikuwa nimeamka kidogo nikalala tena," naiogopa kuliko zote mbili. Ingekuacha na mzigo ule ule, na uongo wa pili juu yake.

Hutaona hapa nikikuambia fanya hivi. Mimi sijawahi kukaa na mumeo mezani. Wewe unajua akiumia anakuwaje, anachukua siku ngapi, anarudi kwa mlango gani.

Kuna jambo jingine ambalo halitegemei uamuzi huo, nalo ni namna mtakavyoishi hapo shamba miaka inayokuja. Mjini mlikuwa na wafanyakazi wenzenu, majirani, ndugu wa kupita. Mtu akifurahishwa na kitu alikuwa na watu watano wa kuwasimulia. Sasa kila mmoja wenu ana msikilizaji mmoja tu, na msikilizaji huyo amelala. Nadhani mlikuwa na kiu hiyo hiyo wote wawili na kila mmoja akadhani ni yake peke yake.

Angalia hata taa. Mumeo hakudanganya: jicho huchukua dakika 20 hadi 30 kulizoea giza vizuri, na mwanga mkali wa sekunde chache huanza hesabu upya. Wewe nawe hukudanganya: goti liliumia na kuku waliibwa. Lakini kinachowalinda kuku ni banda lenye mlango imara na waya usio na mwanya chini, kuliko taa. Nao wenyewe huhitaji giza ili wapumzike. Ngazi inaweza kupata taa ndogo iliyofunikwa, inayomulika chini kwenye miguu tu, au tochi yenye mwanga mwekundu hafifu, ambao hausumbui sana macho yaliyozoea giza. Na mwezi unaweza kuwasuluhisha zaidi. Mzunguko wake ni siku 29 na nusu hivi, na mwezi ukiwa mpevu anga lenyewe huwa jeupe kiasi kwamba vitu hafifu havionekani hata taa zote zikizimwa. Usiku hizo ni zenu. Awe ndani, taa iwake, mkae mpaka mchoke. Usiku za giza zibaki zake, naye azipokee kama zake, siyo kama kitu anachokuibia.

Halafu kuna ile saa kumi na moja alfajiri. Ni saa yako, lakini anga lake bado liko wazi kidogo, na kuna miezi Zuhura huonekana mashariki wakati huo, inang'aa kuliko nyota yoyote, huku ndege wako wanaanza. Nimeona watu wakikutana katika mpaka kama huo. Ila nakuonya usiigeuze kuwa sharti la kila siku. Mtu aliyekesha hadi saa tisa akilazimishwa kuamka saa kumi na moja ataanguka siku moja akiwa juu ya ngazi au akiendesha gari. Mara moja kwa wiki, mara mbili kwa mwezi, ninyi ndio mnajua. Na naye, kwa upande wake, ajue kuna asubuhi chache kwa mwaka ambazo ukimgusa bega ni lazima ainuke. Mwambie mapema ni zipi, kama yeye alivyokuhesabia siku za nyotamkia.

Kwa sasa anakaa nawe kwenye gogo na kukuuliza majina ya ndege. Unalichukulia kama toba ya mgeni anayeogopa kuudhi. Huenda ni hivyo. Lakini umejaribu kumjibu kama mtu anayeuliza kwa sababu anataka kujua? Nawe umewahi kumuuliza, katika wiki hizi tano, ile shuka itatolewa lini?

Barua yako imenieleza nyotamkia ilionekana saa ngapi, upande gani, mkia umeelekea wapi. Ndege wa kwenye kichaka umemwita "ndege mdogo" tu, wewe mwenye daftari la majina yote. Ukiniandikia tena, nitajie alikuwa ndege gani. Mumeo anamjua?